MREJESHO: Kundi la elementi 9 na nukta moja isiyosogea

Aksanti wakubwa. Niliuliza kutoka huku Bukavu: kundi la elementi 9 (yaani mkusanyo wa migeuzo 9 ambamo kufuatanisha miwili hutoa mwingine wa humohumo) likigeuzageuza tufe, linaweza kuacha nukta moja tu mahali pake? Haliwezi, na hesabu yake ni fupi ajabu. 9 imejengwa kwa 3 peke yake, basi nambari ya Euler (hesabu inayofupisha umbo; ya nukta moja ni 1) ya nukta tuli na ya tufe zima lazima ziache baki lilelile zikigawanywa kwa 3. Tufe lina 2 au 0, kutegemea vipimo vyake (uso wa mpira ni tufe la vipimo 2). Moja haimo! Nilitia alama za stilo kwenye mpira, nikauzungusha theluthi: ncha mbili zikatulia, alama nyingine zikapokezana tatutatu.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mwanahisabati Stein: mwaka 1977 alionyesha kundi la elementi 120 linaloacha nukta moja tu kwenye tufe la vipimo 7. Naam, 120 inachanganya 2, 3 na 5, basi hesabu ya juu haiizuii, lakini bado naona kiinimacho.