Nembo ya YouTube Studio haikuzuia wizi wa video zetu

jikoni_mombasa: Hamjambo wenzetu. Tuna chaneli ya mapishi na nembo tuliiweka kupitia YouTube Studio, ile ya pembeni chini kulia. Chaneli nyingine imepakua video zetu sita na kuzipakia upya kwa jina lake, na nembo yetu haionekani. Wameifutaje? Na video ukishaipakia si inakuwa mali ya YouTube?

meza_ya_uhariri: Hawajafuta kitu. Nembo ile haimo ndani ya video. YouTube huichora juu yake mtu anapotazama, ili apate pa kubofya ajiunge na chaneli. Faili likipakuliwa linatoka bila nembo. Na video iliyowekwa kuwa ya watoto, haionekani hata hukohuko YouTube.

Nembo ya kujilinda huchomwa ndani ya video yenyewe wakati wa kuhariri. Tumia faili la picha la PNG lenye nembo isiyo na mandharinyuma, iweke juu ya picha, ipunguze ukolevu hadi asilimia 25 hivi. Usiibanze konani! Video ya 1920 kwa 1080 ikikatwa iwe ya wima, hubaki pikseli 607 tu za katikati, na kona zote nne zimekwenda. Iweke ndani ya upana huo, mahali ambapo mikono na mvuke wa sufuria hupita nyuma yake. Hapo anayeifuta huacha ukungu unaoonekana.

wakili_wa_kazi_za_sanaa: Video ni zenu bado. Masharti ya YouTube yanaipa leseni ya kuzitumia, umiliki haugusi.

Fungueni YouTube Studio, sehemu ya hakimiliki, muanzishe ombi la kuondoa video. Wekeni kiungo cha video yenu na cha nakala, zote sita. Mnaweza kuchagua iondolewe mara moja, au kumpa aliyepakia nakala siku 7 aitoe mwenyewe bila kupewa onyo. Chagueni pia nakala zizuiwe kupakiwa tena. Akipinga rasmi, mna siku 10 za kazi, kwa kalenda ya Marekani, kuonyesha kwamba mmefungua kesi. Zikipita kimya, video inarudishwa. Jina la mdai huonekana hadharani, kwa hiyo andikeni lile mnaloweza kulisimamia.

jikoni_mombasa: Shukrani sana. Video mbili kati ya hizo alipiga mpiga picha wa kukodi, hatukuandikiana.

wakili_wa_kazi_za_sanaa: Kwa kazi ya kuagizwa, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huichukulia hakimiliki kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mlikubaliana vingine. Hata hivyo mwombeni leo karatasi yenye sahihi, ikitaja kila video kwa jina na tarehe. Anzeni na zile nne, mbili zifuate karatasi ikifika. Jina la chaneli halilindwi na hakimiliki; hilo husajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, kama alama ya biashara.

meza_ya_uhariri: Tunzeni pia faili ghafi za kamera, ziwe ushahidi kwamba video ni zenu. Mwizi hana vipande mlivyokata.