Tulimtenga binti wa kwaya kwa ajili ya mimba: naomba ushauri

Mzee wa Usharika
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, na jambo hili limeninyima usingizi tangu Kwaresima. Mwaka jana baraza letu lilimtenga na Meza ya Bwana binti wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa, nami nilinyosha mkono pamoja na wenzangu. Kijana aliyehusika hakuitwa, kwa kuwa mimba haionekani kwa mwanamume, na hadi leo anashiriki. Binti aliambiwa kwamba akishajifungua atasimama mbele ya washirika, aungame, ndipo arudi kundini. Amejifungua lakini hajarudi, na mtoto hajabatizwa. Jumapili moja somo lilitoka Waefeso 2, kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, nikashindwa kuinua uso. Nifanye nini ili nisiidharau dhambi, wala nisiigeuze neema kuwa ujira wa wenye mwenendo mzuri?

Mlinzi wa Zamu
Mzee wangu, usijutie kuwapo kwa utaratibu. Katika Warumi 6 Paulo anauliza kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, naye anakataa katakata. Kanisa lisilokemea huwafundisha vijana kwamba msamaha ni ruhusa. Mlikosea kwa kijana, maana mlimwadhibu yule ambaye mwili wake ulimtangaza.

Mama wa Wawili
Shikamoo mzee. Nami nilitengwa nikiwa na miaka 19. Hukumu niliielewa, lakini kwa miezi minane hakuna mzee hata mmoja aliyefika nyumbani kwetu. Niliungama mbele ya watu kwa sababu nilitaka mwanangu abatizwe, wala sikuwa nimetubu. Toba yenyewe ilikuja baadaye sana, siku ambayo bibi mmoja wa jumuiya yetu aliniletea uji, akakaa nami jikoni, akaomba bila kunihoji neno.

Mwinjilisti Mstaafu
Mzee mwenzangu, rudi kwenye Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, lile tamko la imani yetu Walutheri. Kifungu cha 4 kinasema tunahesabiwa haki bure, kwa ajili ya Kristo, kwa njia ya imani. Cha 6 ndicho kinachosema imani hiyo haina budi kuzaa matendo mema. Ninyi mlidai tunda la kifungu cha 6 kabla ya kumpelekea binti habari ya kifungu cha 4. Hata Mathayo 18 inaanza na watu wawili faraghani, na kanisa zima linatajwa mwisho. Kuhusu mtoto, nasema kwa uchungu: sisi tunaobatiza wachanga hukiri kwamba neema humfikia mtu kabla hajatenda lolote, kisha tunamwacha mchanga asubiri ungamo la mama yake!

Mzee wa Usharika
Nashukuru sana. Jumamosi nitakwenda kwa binti pamoja na mke wangu, nimwombe radhi na nimweleze kwamba nitazungumza na mchungaji juu ya ubatizo wa mtoto. Habari ya kijana nitaipeleka barazani, nikianza kwa kuungama mkono wangu mwenyewe. Mama wa Wawili, marahaba mwanangu. Yule bibi alitanguliza ujumbe kwanza?

Mama wa Wawili
Hapana, mzee. Alibisha hodi tu.