Naomba ushauri: fremu ndani ya mji uliokwepwa na barabara kuu

Wakuu, habari zenu. Niko Arizona, Marekani, natafuta fremu ya mgahawa mjini Williams. Barabara kuu ya I-40 iliukwepa mji huu Oktoba 1984. Ile ya zamani, Route 66, imebaki katikati ya mji kama njia ya biashara (tawi la I-40 linaloingia mjini), na vibao vyake ni vya kijani badala ya rangi za bluu na nyekundu za I-40 yenyewe. Watalii wa bonde la Grand Canyon wanaingia, wanapiga picha, wanakula. Ila madereva wa malori, walaji wa uhakika, naona wengi wanaishia vituo vya mafuta kando ya I-40. Moyo wangu uko mjini. Mliofungua biashara miji ya namna hii, theluji ikianza mnauzia nani? Na mwenye fremu hukubali kupunguza kodi miezi hiyo?