Baraza limeundwa kabla hatujafika ukumbini, nami nikaambiwa nigawe chai!

Wanajamvi, nawasalimu, ingawa naandika nikiwa bado nawaka kwa hasira. Mhusika mnamfahamu nyote mliowahi kuchangia programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuziboresha, katika Nyanda hizi za Juu Kusini, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Ni yule mwenye funguo za hazina ya msimbo, yaani mahali yanapotunzwa maandishi yanayounda programu, ambaye bila idhini yake hauingii hata mstari mmoja, na nadhani hata mvua ya Rungwe hainyeshi mpaka aikubali kwanza.

Leo tuliitwa Iringa kuunda baraza la kuongoza jumuiya ya wachangiaji wa programu yetu ya kutunza kumbukumbu za majani mabichi ya chai. Nimesafiri kutoka Tukuyu na rasimu ya katiba niliyoichapisha kwa fedha yangu. Nafika, nakuta majina matano yamekwisha kubandikwa ukutani, na wanne kati yao ni wafanyakazi wa ofisi yake. Niliponyoosha mkono kuuliza uchaguzi ulifanyika lini, alinijibu mbele ya ukumbi mzima: "Dada, wewe si mtu wa msimbo. Tusaidie kugawa chai, wajumbe wapige picha."

Nigawe chai! Mimi niliyeandika mwongozo mzima wa watumiaji kwa Kiswahili, ambaye makarani wa vituo vya kupokelea majani hunipigia simu alfajiri uzito unapogoma kuingia kwenye programu, nigawe chai!

Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, lugha ya kuandikia programu, alipoachia uongozi wake mwaka 2018, wachangiaji wakuu walishindanisha mapendekezo kadhaa ya muundo wa uongozi, wakayapigia kura, kisha mwaka 2019 wakachagua baraza la watu watano, kwa sharti kwamba mwajiri mmoja asiwe na wajumbe zaidi ya wawili. Wawili! Kwetu wanne wanatoka korido moja, na mimi nakabidhiwa birika. Debian, jumuiya inayotengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, wana katiba tangu 1998 na huchagua kiongozi wao kila mwaka. Tena mwaka 2010 walipiga kura kuwapokea kama wanachama kamili watu wanaochangia kwa njia nyingine bila kutengeneza vifurushi vya programu. Huko mwandishi wa miongozo ana kura, huku anaelekezwa meza ya vikombe, na kamera zinamsubiri amalize kumimina!

Sikugawa. Niliondoka na rasimu yangu.

Mwana wa Mwanjelwa: Pole sana, dada. Nilikuwa safu ya pili na nilisikia kila neno. Ukumbi ulinyamaza mpaka nzi wakaona aibu kuruka.

Kijana wa Uyole: Aya zote hizi ni za birika. Je, rasimu yako ina kifungu cha mgongano wa maslahi, au ulisafiri usiku kucha kuja kununa?

Mleta uzi: Kifungu hicho kimo, pamoja na ukomo wa muda wa wajumbe na utaratibu wa kumwondoa mjumbe kwa kura. Angenipa nafasi ya kukisoma, badala ya birika, ungekisikia.

Mkulima wa Viazi: Afadhali ninyi mna majina ukutani. Sisi huku Njombe, mwenye funguo alipata ajira kwingine akaondoka nazo, na programu ya ghala imebaki bila toleo jipya kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kupewa ruhusa ya kulitoa. Baraza lingekuwepo, funguo zingekuwa mikononi mwa watu watatu.

Baridi ya Mafinga: Funguo ni jambo dogo. Nani atawawajibisha hao wenye funguo? Novemba 2021 timu nzima ya kusimamia maadili katika jumuiya ya Rust, lugha nyingine ya kuandikia programu, ilijiuzulu, ikisema timu kuu haiwajibiki kwa yeyote ila yenyewe, na baraza jipya la uongozi lilianza kazi mwaka 2023. Kwetu tulilalamikia matusi ya mjumbe mmoja, na malalamiko yakapelekwa kwa mjumbe huyo huyo ayachunguze.

Mkulima wa Viazi: Usiite jambo dogo. Wakulima wangu wamerudi kwenye daftari.

Kijana wa Uyole: Mnasahau nauli. Vikao vyote vikifanyika Iringa, wachangiaji wa Kyela na Ileje watapigaje kura? Kura ipigwe mtandaoni na iwe wazi kwa wiki mbili.

Mwana wa Mwanjelwa: Wewe ndiye usiongelee nauli kabisa. Ulirejeshewa ya kwako, na sisi tukaambiwa mfuko umekauka.

Kijana wa Uyole: Nilirejeshewa kwa sababu niliwasilisha tiketi. Wasilisha yako.

Baridi ya Mafinga: Kumwasilishia nani, ikiwa mweka hazina hajawahi kuchaguliwa?