Draiva ya TB6600 ama DM542 kwa mota za NEMA 23? Nimeshachoma A4988 mbili

Fundi_Kariobangi
Habari za jioni wadau. Ninaunda CNC, mashine inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga mbao, meza ya sentimita 60 kwa 90, hapa Kariobangi Light Industries. Fremu nimelehemu mwenyewe, haina neno. Kinachonisumbua ni umeme. Mota ni za hatua, saizi ya NEMA 23, za ampea 3, jumla nne kwa sababu mhimili wa Y una mbili. Skrubu ni T8, mzunguko mmoja unasogeza milimita 8. Kontrola ni Arduino Uno yenye GRBL (programu ya kuendesha CNC) na shildi ya CNC, ile bodi ya kuchomeka draiva juu yake. Nilianza na draiva (saketi za kuendesha mota) za A4988: ya kwanza ilitoa moshi siku ile ile, ya pili niliiua kwa mkono wangu nilipochomoa mota stima ikiwa bado iko. Nikienda Luthuli Avenue kila duka lina jibu lake: DRV8825, TB6600, DM542. Nichukue gani, na waya nifunge vipi?

Kijana_wa_Ngong_Road
Pole fundi. Kuchomoa mota ikiwa na moto, sote tumefanya. Mara moja.
A4988 usiilaumu. Karatasini ni ampea 2, lakini bila bati la kupozea na feni ukipata 1 ushukuru. DRV8825 nayo ni 1.5 bila kupozwa, 2.5 ndio mwisho wake. Mota yako inataka 3. Hapo umemfunga punda kwenye trela.

Dada_Saketi
Na kabla hajatokea mtu wa kusema "lakini DRV8825 inagawa hatua mara 32", tupige hesabu. Mota ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukigawa kila hatua mara 16 na skrubu yako ya milimita 8, unapata mapigo (ishara za kusogeza mota) 400 kwa milimita. Kukimbia milimita 3,000 kwa dakika ni mapigo 20,000 kwa sekunde. GRBL kwenye Uno inafika kama 30,000. Weka 32, unahitaji 40,000, na Uno haifiki huko. Mimi hugawa mara 8 tu, mapigo 200 kwa milimita, na mbao haijawahi kulalamika.

Mabango_Gikomba
Mkimaliza hesabu mkumbuke mfuko wa mtu. TB6600 zangu tatu, pawa saplai ya volti 24, zinachonga mabango ya maduka kutwa nzima. Zinapata joto, ndiyo, nimeziwekea feni ya kompyuta kuukuu. Akichukua hizo atabakiwa na pesa ya biti, vile visu vya kuchongea.

Mzee_wa_Waya
Mabango hajakosea, ila aseme pia anakwenda polepole. Mota kubwa ikizunguka haraka nguvu yake inashuka, na kinachoirudishia ni volti. TB6600 wanaandika inabeba hadi 42, lakini mimi sivuki 24. Tena fungua boksi uone: nyingi zimeandikwa TB6600 na ndani kuna chipu ya TB67S109. DM542 inakubali volti 20 hadi 50, kwa hiyo unaipa 36 bila wasiwasi, na mota zinakimbia kimyakimya. Kama pesa haitoshi, nunua TB6600 leo. Waya ni zile zile, utabadilisha baadaye.

Sasa waya, fundi, soma taratibu. Toa vidraiva vyote kwenye shildi, au iache kabisa uende moja kwa moja kwenye Uno: mapigo ya X, Y na Z ni pini 2, 3 na 4, mwelekeo ni 5, 6 na 7. PUL− (mapigo) na DIR− (mwelekeo) za draiva zote ziunganishe na GND, yaani ardhi, ya Uno. PUL+ na DIR+ ziende kwenye pini zake. Draiva mbili za Y zinakula pini 3 na 6 kwa pamoja.

Kwenye A4988 ilibidi GND ya Uno na hasi ya pawa saplai zikutane. Hapa usizikutanishe. Ndani ya boksi ishara inavuka kwa mwanga, na hiyo ndiyo kinga ya Uno yako. Ukizifunga pamoja umeitupa.

ENA, ya kuwasha na kuzima draiva, achana nayo. Isipofungwa, draiva inabaki hai. Watu huunganisha ENA nne zote kwenye pini 8, kila moja inavuta kama miliampea 10, jumla 40, na hapo ndipo kikomo kabisa cha pini ya Uno. Kwenye DM542 weka swichi ndogo ya SW4 iwe OFF ili mota zikisimama zipunguziwe umeme nusu.

Ampea za DM542 anza na 2.84, siyo 3.31. Na rangi za waya za mota usiziamini: gusanisha waya mbili, zungusha shafti kwa mkono. Ikiwa ngumu, hao ni jozi moja.

Dada_Saketi
Naongeza: waya za mota mbali na waya za spindo, ile mota inayozungusha biti. Swichi za mwisho wa safari zitumie waya wenye ngao, na ngao uifunge ardhini upande mmoja tu. La sivyo spindo ikiwaka, mashine itadhani imegonga ukuta.

Fundi_Kariobangi
Wazee, asanteni. Nimechukua DM542 nne na saplai ya volti 36. X inateleza kama siagi. Lakini Y moja inavuta mbele, nyingine inarudi nyuma, fremu ikalia nikakimbilia swichi. Na Z nikiiambia panda inashuka.

Mzee_wa_Waya
Mota moja ya Y umeifunga mbele na nyingine nyuma, sivyo? Zima kila kitu, usubiri taa za draiva zife, kisha kwenye mota moja ya Y badilishana A+ na A−. Usijaribu kwenye GRBL, itageuza zote mbili.

Kijana_wa_Ngong_Road
Z ndiyo ya GRBL. Andika $3=4, itageuza mwelekeo wa Z.

Fundi_Kariobangi
Zote zimekubali. Kesho naweka saiprasi juu ya meza.

Mabango_Gikomba
Na hizo A4988 zilizobaki unauza?