Mama anapigiwa simu za "nimekosea kutuma hela". Nimfundishe nini?

binti_Makambako
Habari zenu wakuu. Mama yangu anauza viazi sokoni Makambako, mimi niko Dar. Anatumia kitochi na hela zote za mauzo zinapita humo. Juzi kapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole: "Mama, nimekutumia laki na ishirini kimakosa, naomba unirudishie, ni ada ya mtoto." Na kweli ujumbe ulikuwa umeingia. Jirani yake wa meza ndiye aliyemzuia. Kumwambia asipokee namba asizozijua haiwezekani, wateja wake wengi ni namba mpya. Na maandishi madogo hayaoni vizuri. Nimwambie nini atakachokishika?

wakala_Mbagala
Dada, mpe mama pole. Mimi ni wakala, habari za hawa watu naletewa kibandani kila siku. Ujumbe ule tapeli kauandika mwenyewe, ndiyo maana unatoka kwenye namba ya kawaida. Wa kweli huja kwa jina la huduma. Lakini kwa kuwa mama macho yanamsumbua, asihangaike kuusoma. Akate simu, aangalie salio kwenye menyu aliyoizoea, *150*00# kama ni M-Pesa, *150*60# kama ni Airtel Money. Salio halijapanda, hakuna aliyetuma.

Na likiwa limepanda kweli? Hapo ndipo huruma inapowaponza wengi. Asirudishe kwa mkono wake. Ajibu tu: "Piga 100, mtandao wako utashughulikia." Akituma mwenyewe, halafu yule naye akaomba muamala wa kwanza urudishwe, mama kalipa mara mbili.

Sasa kuna hili linaloniuma zaidi kuliko matapeli. Mama zetu wanafika dirishani, wananipa simu na kunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia! Mimi huwarudishia simu, nawaambia bonyeza mwenyewe mama, nakusubiri. Wengine hununa, wanaona nawadharau. Si wakala wote watakaomrudishia. Halafu namba zenyewe mara nyingi ni mwaka wa kuzaliwa, na namba ya NIDA inaanza na tarehe hiyohiyo. Kitambulisho na simu viko pochi moja. Mwizi ana kazi gani tena hapo? Ukienda nyumbani kaa naye aibadilishe, achague nyingine mwenyewe, na hata wewe mwanawe usiijue.

fundi_Msamvu
Naongezea kwenye laini. Piga *106# kwenye simu yake uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kuna wasajili wa barabarani wanaomwambia mtu "kidole hakijasoma, weka tena", kumbe kidole cha pili kimesajili laini nyingine. Ukikuta namba asiyoijua, nendeni duka la mtandao husika na kitambulisho chake ifutwe. Pia *#06# inatoa IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, iandike kwenye daftari nyumbani, siku simu ikiibiwa polisi wataiuliza.

binti_Makambako
Asanteni sana kaka zangu. Hilo la namba ya siri umenigusa, mama hutajataja ya kwake hata mbele ya vijana wa kubeba magunia. Swali la mwisho: je, mtu akiwa ameshatuma hela?

wakala_Mbagala
Apige 100 palepale, asisubiri kufika nyumbani. Awe na ule ujumbe wa muamala, wataomba namba ya kumbukumbu. Hela ikiwa bado iko kwenye akaunti ya tapeli wanaweza kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, ni vigumu. Namba ya tapeli iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040, kisha aende polisi akachukue RB, ile namba ya taarifa aliyoripoti. Na asiufute ujumbe wowote, hata ule wa uongo.