Wakuu, nataka kukaa Kariakoo siku nzima kama mwenyeji, siyo kununua. Naanzia wapi?

Binti_Uluguru
Habari za jioni wakuu. Niko Morogoro. Jumamosi ijayo nakuja Dar na treni ya asubuhi, narudi na ya jioni. Siku nzima nataka niimalizie Kariakoo. Siji kufunga mzigo wala kutafuta vitenge. Nataka kuwa pale kama mtu anayekaa pale: pa kunywa supu, pa kukaa kupiga stori, mitaa ya kupita na ya kukwepa. Kariakoo ninayoijua mimi ni ya kushuka, kununua na kukimbilia gari. Nina wasiwasi sana maana siku ni hiyo moja tu. Naombeni ushauri.

Kitenge_Jumla
Karibu sana. Nina fremu huku, nakuambia ninachokiona kila siku. Mtu anayetembea huku anatazama juu kwenye maghorofa anajulikana mara moja, na winga atakuwa ameshamfikia. "Dada njoo nikuonyeshe duka." Unapelekwa kweli, ila bei ya winga imo ndani ya bei yako. Siwasemi vibaya, wananiletea wateja, na ni vijana wanaotafuta riziki kihalali. Wewe sema "nimeshahudumiwa, asante," endelea na safari. Begi liwe tumboni, simu isitoke toke. Ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako, sogea kwanza ndiyo ugeuke, mkokoteni wenye marobota hausimami haraka. Na ukibadili mawazo, vitenge vya jumla ninavyo.

Binti_Uluguru
Asante, lakini sinunui kitu.

Mnyama_Damu
Anzia Mtaa wa Msimbazi, kwenye jengo la klabu yetu. Simama pale nje hata robo saa, utasikia habari zote za mji bila kuuliza. Mimi nilipelekwa na babu nikiwa mdogo, alikuwa bado anaiita Sunderland, wakati jina la Simba lilianza 1971. Nikamuuliza babu kwa nini anakosea, akanyamaza. Siku hizi ndiyo namwelewa.

Jangwani_Asilia
Na ukitoka hapo uje Jangwani upumue hewa safi. Yanga ni klabu ya 1935, wengine walikuja baadaye.

Fundi_Saa
Acheni mpira. Mtoa mada, kuna kitu hakikai sawa. Unakaa Moro, treni ipo kila siku, nauli ya daraja la kawaida haimshindi mtu anayefanya kazi. Kwa nini siku "ni hiyo moja tu"? Unakuja na nani?

Binti_Uluguru
Nakuja na mzee wangu. Alikaa Kariakoo ujanani, Mtaa wa Sikukuu, nyumbani kwa shangazi yake. Aliondoka 1974. Ndiyo maana nauliza pa kukaa, hatembei sana.

Mwalimu_Mstaafu
Hongera kwa kumjali mzazi. Mwanzisheni pale Mnazi Mmoja penye nafasi, kisha Lumumba. TANU ilizaliwa mtaa ule tarehe 7 Julai 1954, enzi hizo ukiitwa New Street. Nilikuwa nawapeleka wanafunzi pale kila mwaka. Watoto walikuwa wanategemea kuona kasri. Nawaambia hapana, chama kilianzia kwenye nyumba za kawaida, kwa watu waliokuwa wakitoka kazini jioni. Mzee wako wa 1974 ataelewa bila kufundishwa. Mpe nafasi akueleze yeye.

Shangazi_Mkali
Sawa, lakini Jumamosi kwa mzee? Dada, Jumamosi Kariakoo huwezi hata kumshika mtu mkono mkatembea sambamba. Hiyo miguu ya mzee ikoje? Macho je? Usituambie nusu nusu.

Binti_Uluguru
Macho yamekwisha. Ni presha ya macho. Anaona mwanga na kivuli cha mtu, sura hapana, na daktari ametuambia hata hicho kidogo hakitadumu. Ndiyo maana siku ni moja.

Na kuna jingine. Nyumba ya Sikukuu haipo. Binamu zake waliuza, limesimama ghorofa la fremu tupu. Baba hajaambiwa. Kila akiniuliza namjibu ipo. Anachotaka ni kukaa barazani pale anywe kahawa. Nimeshapata nyumba nyingine ya zamani mtaa wa jirani, ya chini, yenye baraza. Nimeongea na mpangaji mmoja, amekubali tukae. Nitamkalisha hapo. Tiketi nimeshakata.

Shangazi_Mkali
Kwa hiyo unataka kumkalisha baba yako kwenye baraza ya watu umwambie ni ya shangazi yake. Kwa sababu haoni.

Binti_Uluguru
Sijasema nitamwambia. Nitamkalisha tu. Akifurahi kuna ubaya gani? Amebakiwa na furaha chache. Nyie mnaongea kwa sababu hamkai naye usiku anapoamka kuuliza "nyumba ya shangazi wanaipaka chokaa?"

Kitenge_Jumla
Pole dada. Ila nikuambie ukweli wa huku, nyumba za chini zenye baraza zimebaki za kuhesabu. Kila kiwanja kinainuliwa. Lile ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 lilikuwa karibu na ninapofanyia kazi, tulipoteza watu tunaosalimiana nao kila asubuhi. Tangu siku ile nikiona nyumba ya zamani nasimama kuitazama. Mpangaji aliyekubali mkae, mshukuru sana.

Saa_Sita_Kamili
Samahani wakuu, hii ni chai, tena ya maziwa. Moja: Moro hadi Dar ni karibu kilomita 200, mtu anakaaje miaka 50 bila kufika Kariakoo? Mbili: nimepekua nyuzi zake za zamani, mwaka jana aliandika "mzee wangu ana hadithi nyingi za soko la Kariakoo, zege lake na yale mapaa kama miavuli." Soko lile alilolichora Beda Amuli lilifunguliwa Desemba 1975. Huyu mzee aliondoka 1974. Aliliona wapi? Watu mnalia bure.

Jangwani_Asilia
Duh. Sukari ngapi?

Mnyama_Damu
Leo kwa mara ya kwanza nakubaliana na mtu wa Jangwani. Mtoa mada, jibu.

Fundi_Saa
Jengo kufunguliwa 1975 haina maana lilishuka kutoka mbinguni siku hiyo. Lakini hilo la miaka 50 hata mimi nataka kulisikia.

Binti_Uluguru
Sina haja ya kumtungia baba yangu hadithi. Alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa soko hilo. Alibeba mchanga na kokoto. Aliondoka kabla halijafunguliwa kwa sababu babu alifariki na yeye ndiye mkubwa, mashamba yalimsubiri. Ndani, likiwa na wauzaji, hajawahi kuingia. Zege analijua kwa mabega.

Dar amekuja, kwenye misiba na hospitali. Kariakoo ndiyo hakutaka. Aligombana na binamu zake juu ya nyumba hiyo hiyo, akaapa hakanyagi mtaa ule mpaka wamwombe radhi. Wawili wameshafariki. Mwaka huu mwenyewe ndiye aliyesema, "Nipeleke." Sasa nimwambie kwamba wameuza? Hasira yote irudi akiwa kwenye umri huu?

Saa_Sita_Kamili
Hapo sawa. Nilisoma tarehe, sikufikiria vibarua. Pole dada, na mzee umfikishie salamu.

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, sikiliza. Mtu aliyebeba mchanga wa soko lile ataujua mtaa kwa miguu na masikio kabla ya macho. Atahesabu kona. Atasikia adhana inatoka upande gani. Mama yangu alipofuka, tulimhamishia chumba kingine cha nyumba ile ile tukasema ni chake. Alipapasa ukuta mara moja akauliza, "Dirisha langu mmelifanya nini?" Usiwe na hakika sana na mpango wako.

Shangazi_Mkali
Hicho ndicho ninachosema. Akijua kwamba umemkalisha kwa uongo, hasira ya binamu itahamia kwako, na wewe ndiye unayempikia.

Binti_Uluguru
Mpangaji nimeshampa neno langu. Mkeka nimenunua.

Fundi_Saa
Usimvunjie mpangaji neno. Kaeni pale pale. Sema tu, "Baba, hii ni nyumba ya jirani, hawa ndio waliobaki na baraza." Haina uongo na kahawa itanyweka. Wauza kahawa wa huku wengine ni watu wazima, birika na kashata mkononi, wanajua historia ya kila kiwanja. Mzee akianza kuuliza nani alikuwa anakaa wapi, hutakuwa wewe unayemjibu peke yako.

Kitenge_Jumla
Na badilisha tiketi iwe Jumapili. Februari 2025 ilizinduliwa biashara ya saa 24 na watu ni wengi, lakini Jumapili asubuhi fremu nyingi bado zimefungwa. Mtaa unapitika, mzee atasikia hatua zake mwenyewe. Supu mnywe mapema kabla haijaisha, chapati mbili, halafu twende taratibu. Kwenye soko msitegemee sana kuzunguka ndani, ulizeni kwanza, maana baada ya moto wa Julai 2021 kulikuwa na ukarabati na jengo jipya pembeni. Lakini mpeleke upande wa Tandamti alishike zege kwa mkono. Mimi nitafungua kwa ajili yenu, kiti kipo na feni ipo. Sitawauzia kitu.

Binti_Uluguru
Asanteni. Tiketi nitabadilisha kesho. La nyumba bado sijakata shauri, msinisukume. Ila la zege sikuwa nimelifikiria, na la jirani nitalilalia.

Jangwani_Asilia
Mzee ni timu gani?

Binti_Uluguru
Anasema Sunderland.

Mnyama_Damu
Wakuu, huyu mzee ni wa kwetu! Dada, kutoka stesheni msipande bodaboda, chukua bajaji, mwambie dereva awashushe Msimbazi na siyo mitaa ya ndani. Nitakuwa nje ya klabu kuanzia saa tatu. Mzee anatumia fimbo au anashikwa mkono? Upande gani? Nataka nije na mwenzangu tumkingie mikokoteni.

Binti_Uluguru
Fimbo mkono wa kulia. Kushoto nitakuwa mimi.